Mwongozo wa Gesi kwa Wajuaji wa Robanda

Kabla mtungi haujashuka kwenye bodaboda, amueni nani ataufunga. Hilo ndilo la kwanza, na ndilo linaloharibika kuliko mengine yote. Mtungi ukiingia kijijini, wataalamu huchipuka. Kijana wa bodaboda ni mtaalamu kwa sababu ameubeba kutoka Mugumu. Shemeji ni mtaalamu kwa sababu aliwahi kufua mashuka kwenye kambi ya watalii, na jikoni kule aliona mitungi mikubwa imepangwa ukutani. Baba mwenye nyumba ni mtaalamu kwa sababu pesa ni yake. Hawa watatu wataufunga, watauwasha, watapiga picha, kisha kila mmoja atashika njia yake. Watakaobaki na moto ni mama na binti wa darasa la sita anayewapikia uji wadogo zake, na wote wawili muda wote huo walikuwa wamesimamishwa mlangoni ili wasiwasumbue wanaume.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hao wa mlangoni. Wajuaji wanakaribishwa kusoma, ila wasome mikono ikiwa mfukoni. Mama afunge mwenyewe, afungue mwenyewe, aone povu la sabuni kwa macho yake, na binti arudie kila hatua kwa sauti. Anayepika mara tatu kwa siku ndiye atakayekuwa peke yake siku koki itakapogoma. Siku hiyo baba yuko porini na wageni, shemeji yuko mnadani, na yule kijana wa bodaboda hapatikani kwenye simu.

Robanda ina sababu ya kuitaka gesi kuliko miji mingi inayojisifu nayo. Kijiji kiko jirani na lango la Ikoma la Hifadhi ya Serengeti, na ni miongoni mwa vijiji vilivyotenga ardhi yao kwa ajili ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Huwezi kuingia porini na panga ukakata unachotaka. Hata kuni zilizoanguka zina wenyewe: kuna nyati vichakani, kuna tembo wanaoingia mashambani usiku na kuchelewa kuondoka asubuhi, na miezi ya Mei hadi Julai, nyumbu wanapopita ukanda wa Grumeti na Ikoma, wanaowafuata nyuma nao hupita. Wanawake wanaokwenda kuni huenda kwa kundi na huzungumza kwa sauti kubwa njia nzima, makusudi, ili mnyama awasikie mapema ajiondokee. Mtu akisema kuni za Robanda ni za bure, mwambie akafuate mzigo mmoja.

Tena kuna moshi. Serikali imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka nchini vinavyotokana na kupikia kwa nishati chafu, na ndiyo maana Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia Watanzania asilimia 80 ifikapo 2034. Mitungi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa kwa bei ya ruzuku vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini. Ni kazi njema, na ningependa iende mbali zaidi. Lakini mtungi unaweza kufika kwa siku moja, na ujuzi wa kuutumia haufiki kwa hotuba. Ujuzi unakaa kwenye vidole vya mtu.

Tuanze na kilichomo ndani, maana wajuaji wengi hukosea hapa na makosa mengine yote hufuata. Gesi ya mtungi haitoki Songo Songo wala Mnazi Bay. Gesi ya kule ni methani, inasafiri kwa bomba, na sehemu kubwa huishia kwenye mitambo ya umeme. Ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani, hushindiliwa mpaka ikawa maji, huja kwa meli hadi Dar es Salaam na Tanga, ndipo inapanda malori kuja huku kwetu. Tofauti hii ina kazi yake jikoni. Methani ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda. Hii yetu ni nzito: propani ina uzito wa mara moja na nusu wa hewa, butani mara mbili. Ikivuja hushuka sakafuni, ikatambaa, ikajaa shimoni, chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya mtama. Huioni. Na maji yake yakigeuka gesi hutanuka takriban mara 250, kwa hiyo kikombe kimoja kilichovuja ni ndoo nyingi za gesi hewani. Ikifika sehemu mbili tu katika mia ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha.

Harufu ile ya kitu kilichooza si ya gesi yenyewe. Propani na butani hazinuki. Harufu huongezwa kiwandani makusudi ili pua ipate taarifa. Marekani walijifunza umuhimu wake kwa msiba: Machi 1937, shule moja katika mji wa New London, Texas, ililipuka kwa gesi isiyo na harufu iliyokuwa imejaa chini ya sakafu, na karibu watu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo sheria ikataka gesi itiwe harufu. Kwa hiyo harufu ikija, ni watu waliokufa zamani wanakuita kwa jina. Itikia.

Sasa dukani, Mugumu. Kuna mtungi wa kilo 6 na kuna wa kilo 15, na uchaguzi wake unategemea ugali wako. Ule wa kilo 6 mara nyingi hubeba bana juu ya kichwa chake, yaani moto unakaa juu ya mtungi na sufuria inakaa juu ya moto. Kwa chai, dagaa, mayai na uji wa mtoto, hauna tatizo. Lakini familia ya watu kumi inakula ugali wa muhogo na mtama, ule mzito, unaosongwa kwa mwiko mrefu na mikono miwili huku sufuria imebanwa isizunguke. Ukiusonga ugali wa namna hiyo juu ya mtungi mwembamba, utaangusha vyote. Wenye mtungi mdogo wafanye hivi: maji yakichemka na uji ukishika, punguza moto, teremsha sufuria chini kwenye kata, songa hapo kwa nguvu zako zote, rudisha motoni uive, teremsha tena umalizie. Inachosha kidogo, na ugali unaiva vizuri. Mwenye uwezo anunue mtungi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili lililo mbali na mtungi, juu ya meza imara ya matofali au mbao nene.

Kabla ya kulipa, pima. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, na mnunuzi ana haki ya kupimiwa bila kununiwa. Shingoni mwa mtungi kumegongwa uzito wa mtungi mtupu. Ukisoma kilo 14.5 na mizani ikasema 29.5, umepata kilo zako 15. Ikisema 27, rudisha, na usikubali kuambiwa kwamba gesi ya Mugumu ni nyepesi kwa sababu ya baridi. Angalia pia sili ya mdomoni iwe haijaguswa, mtungi usiwe na kutu iliyokula chuma, na kitako chake kisimame bila kuyumba. Kisha lipo jambo ambalo watu husahau na likawarudisha Mugumu siku ya pili: midomo ya mitungi haifanani kwa kampuni zote. Nunua regulata, yaani kile kichwa kinachopunguza msukumo wa gesi, inayoingia kwenye mtungi wako, na mwambie muuzaji akuonyeshe namna ya kuifunga. Akimaliza, mama aifungue na kuifunga mbele yake, mara mbili. Foleni nyuma ikinung'unika, inung'unike.

Mpira wa gesi ni mpira wa gesi. Bomba la kumwagilia bustani si mpira wa gesi, wala ule wa kunyonyea petroli kwenye pikipiki. Gesi hii inakula mipira isiyotengenezwa kwa ajili yake, ikaifanya migumu, ikapasuka mahali usipopaona. Chukua mita moja na nusu hivi, usome tarehe iliyopigwa chapa juu yake, na uchukue klampu mbili za chuma. Klampu ni za bei ndogo kuliko soda, na bado kuna nyumba ambako mpira umefungwa kwa waya wa seng'enge, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, au kwa kamba ya katani. Huo ni ubahili wenye hesabu mbovu.

Safari ya kurudi Robanda: mtungi usimame. Najua ulivyozoeleka kulazwa kwenye bodaboda mbele ya dereva, na najua barabara ilivyo. Ndani ya mtungi maji yako chini na gesi iko juu, na vali ya usalama imewekwa juu ili ikilazimika kupumua itoe gesi. Ukiulaza, kinachogusa mdomo ni maji, yale yanayotanuka mara 250. Ufungwe wima nyuma ya kiti kwa mpira wa kubebea mizigo, kofia ya mdomo ikiwa imewekwa, na dereva asivute sigara. Ukifika, usiufunge papo hapo. Ukalishe kivulini utulie, unywe maji, usalimie watu.

Tufike jikoni, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jiko la Robanda lilijengwa kwa ajili ya adui mwingine. Wazee walijenga wakijua moshi. Moshi hupanda, kwa hiyo wakaacha nafasi juu, kati ya ukuta na paa, na kidirisha kidogo karibu na bati au nyasi. Chini wakaziba, wakaweka na kizingiti, maana usiku kuna fisi, kuna nyoka, kuna nge, na mlango wa jikoni hufungwa kwa gogo mpaka asubuhi. Chumba hicho kinatoa moshi vizuri. Gesi kinaihifadhi yote. Ikivuja usiku itashuka, itazuiwa na kizingiti, itasubiri alfajiri, na mama ataingia na kibatari.

Dawa yake ni matundu mawili chini ya ukuta, usawa wa sakafu, pande mbili zinazotazamana, kila moja upana wa tofali. Toboeni kabla mtungi haujaingia. Nyoka na panya? Funga wavu wa chuma wenye matundu madogo, upigiliwe misumari kwenye fremu ya mbao. Hewa inapita, nyoka anabaki nje. Wajuaji watasema tundu linapitisha baridi. Wajibiwe kwamba ndivyo linavyotakiwa. Anayetaka ulinzi zaidi aweke mtungi nje ya ukuta, chini ya upenu wenye kivuli, kwenye kibanda cha matofali chenye mlango wa nondo, na mpira upite kwenye tundu dogo la ukuta lililolindwa kwa kipande cha bomba. Huko nje ukivuja, gesi inakwenda zake na upepo wa Serengeti, upepo ambao hautupungukii.

Ndani au nje, mtungi usimame juu ya kitu tambarare, mbali na jua la mchana, na mbali na mafiga. Mafiga yapo na yataendelea kuwapo. Hakuna anayechemsha makande ya saa nne kwa gesi anayoilipia. Sawa, ila yasiwe kwenye chumba kimoja na mtungi. Wala kibatari, wala dumu la petroli ya kuuza kwa chupa, wala betri ya sola inayotoa cheche ikigusishwa waya. Na usiweke mtungi kwenye chumba cha kulala kwa kuogopa wezi. Mwizi ataondoka na mtungi. Gesi iliyovuja chumbani itaondoka na wewe.

Kufunga sasa. Kibatari kimezimwa, mafiga yamezimwa, hakuna mwenye sigara, watoto wadogo wako kwa bibi. Mama anahakikisha koki ya mtungi imefungwa. Anachungulia mdomoni kuona oringi, ile pete nyeusi ya mpira. Ikiwa imepasuka au haipo, kazi inasimama hapo hapo mpaka ipatikane nyingine. Hakuna kuziba kwa sabuni ya mche, kwa nailoni, wala kwa ubani wa kutafuna uliotafunwa na shemeji. Regulata inakaa wima na kuingia bila kulazimishwa. Ikikataa, si yake. Usiipige kwa praizi. Mpira unaingizwa mpaka mwisho wa shina, klampu inakazwa kwa bisibisi, upande wa regulata na upande wa jiko. Mpira usipite nyuma ya moto, usikunjwe, usikanyagwe na mguu wa meza.

Halafu povu. Ningeruhusiwa kuacha hatua moja tu ya mwongozo huu ikumbukwe kijiji kizima, ningeacha hii. Koroga sabuni ya unga kwenye kikombe cha maji kidogo mpaka povu lisimame. Hakikisha vifungulio vya jiko vimefungwa, kisha fungua koki ya mtungi polepole. Kwa kitambaa au brashi ya zamani ya viatu, paka povu kwenye maungio: mdomo wa mtungi, regulata pande zote, klampu ya kwanza, klampu ya pili, na urefu wote wa mpira. Inama. Tazama karibu, uhesabu taratibu hadi sitini. Povu la kawaida hupasuka na kupungua. Povu lenye gesi chini yake hufanya jicho, jicho linavimba, linapasuka, linavimba tena pale pale. Binti mwenye macho makali ataliona kabla ya watu wazima, kwa hiyo kazi hii ni yake. Likionekana jicho, funga koki, kaza au badilisha, paka upya.

Wapo wanaotafuta uvujaji kwa kiberiti. Wanawasha njiti na kuizungusha kwenye maungio, wakisema wao hawaogopi. Njiti hiyo huonyesha uvujaji kweli, na huuonyesha kwa nyumba nzima. Mtu huyo asipewe kiberiti jikoni kwako, hata akiwa mkwe.

Kuwasha. Mlango wazi, dirisha wazi. Fungua koki ya mtungi. Washa njiti kwanza, isogeze kwenye bana, ndipo ufungue kifungulio cha jiko taratibu. Moto kwanza, gesi baadaye. Kinyume chake, yaani kufungua gesi kisha kuanza kutafuta kiberiti kilichochukuliwa na watoto, ndicho kinachounguza nyusi na kanga za watu kila mahali gesi inapofika mara ya kwanza. Njiti ikizimwa na upepo kabla moto haujashika, funga kifungulio, rudi nyuma, acha hewa ipite kwa dakika tano, uanze upya. Usiwashe njiti ya pili gesi ikiwa bado inatoka, hata kama wageni wanasubiri chai.

Moto mzuri ni wa bluu, umetulia, unasikika kidogo tu. Ukiwa wa njano na unapaka sufuria masizi, hewa haiingii vya kutosha: safisha matundu ya bana yaliyozibwa na uji uliofurika, futa vumbi. Vumbi la Robanda wakati wa kiangazi, magari ya watalii yakipita, linatosha kuziba bana kwa wiki chache. Moto wa njano pia hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hiyo haikutiwa harufu na mtu yeyote.

Kuzima: funga koki ya mtungi kwanza, moto utakula gesi iliyobaki kwenye mpira na kufa wenyewe, ndipo ufunge kifungulio cha jiko. Hivyo mpira hulala mtupu, na panya akiutafuna usiku (atautafuna, akipewa nafasi) hakuna cha kuvuja. Kila usiku, kabla ya kufunga mlango kwa gogo, mkono wa mama uguse koki. Binti aguse baada yake.

Harufu ikija, fanya mambo machache na usifanye mengi. Usiwashe taa wala usizime iliyowashwa, maana swichi hutoa cheche pande zote mbili. Usimulike kwa simu. Funga koki kama unaifikia, fungua mlango na madirisha, toa watoto na wazee, utoe na mtungi wenyewe uwe mbali na moto wa jirani. Simu ipigwe ukiwa nje, mbali. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ipigwe, ila ujue gari lina safari ndefu mpaka kufika. Kwa hiyo jirani ni zimamoto lako la kwanza. Weka ndoo ya mchanga karibu na mlango, na blanketi zito la kuloweka. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, zima gesi, funika sufuria kwa mfuniko, usimwage maji. Moto ukiwa unatoka kwenye mdomo wa mtungi na unaweza kuifikia koki kwa kitambaa kilicholowa bila kuungua, ifunge. Usipoweza, ondoa watu mbali na uache nyumba. Nyumba hujengwa tena kwa harambee.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, Embakasi jijini Nairobi, gari la gesi lililipuka katikati ya makazi ya watu. Kulikuwa na waliokufa na zaidi ya 200 waliojeruhiwa, wengi wakiwa majumbani mwao. Ile ilikuwa gesi ya biashara, nyingi kuliko mtungi wa mama yeyote. Naitaja kwa sababu tabia yake ni ile ile: ilitambaa kwanza, ikawaka baadaye.

Juni na Julai baridi ya alfajiri hapa huuma, na wajuaji hurudi na wazo jipya: jiko liingizwe chumbani lipashe joto. Hapana. Jiko lako halina bomba la kutoa hewa chafu nje wala king'ora cha hewa ya sumu. Jiko la mkaa ni baya zaidi, na kila mwaka familia nchini hulala nalo, na wengine hawaamki tena. Blanketi la pili ni tiba kamili.

Bibi apewe maelezo yake peke yake. Pua ya mzee hudhoofika, na anayeambiwa "ukisikia harufu" huenda asiisikie. Kwake yeye utaratibu ni wa mkono: koki imefungwa ikiwa imegoma kuzungushwa zaidi kwa upande wa kufungia. Aizungushe mpaka aijue gizani. Mabibi wa Robanda waliopikia mafiga miaka yote hiyo wanajua moto kuliko sisi, ila moto wao ulitanguliza moshi, na huu hautangulizi kitu isipokuwa harufu.

Gesi ikiisha, msiulaze mtungi, msiutikise, msiuchemshe kwa maji ya moto ili kukamua vijiko vya mwisho. Funga koki hata kama mnaamini ni mtupu, kwa sababu hautakuwa mtupu kabisa. Urudishwe Mugumu wima, ujazwe au ubadilishwe, upimwe tena. Ukirudi, ni mtungi mpya: oringi, klampu, povu, moto kwanza. Hatua hizi hazina msamaha wa uzoefu.

Na baba atakapotaka kuwaonyesha wageni jiko la kisasa, apewe nafasi hiyo kwa moyo mweupe. Mama akae kwenye kigoda, binti amshikie kikombe cha povu, na baba aanze tangu oringi, akisema kila hatua kwa sauti. Akikosea, arudie kutoka mwanzo, na chai isubiri.